Wiki moja kwa kayaki na hema kati ya Kigoma na Mahale: naomba ushauri wa wanaolijua ziwa

Mwalimu wa Ramani (Tabora)

Habari za leo ndugu zangu, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Tabora, mtu wa nchi kavu niliyekulia kwenye maembe na mizinga ya nyuki, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwachorea wanafunzi Ziwa Tanganyika ubaoni, pamoja na urefu wake wa kilometa 673 na kina chake cha meta 1,470, bila kuwahi kulala hata usiku mmoja kwenye ufuko wake. Mwaka huu nimeamua kulifuata mwenyewe. Tuko wanne: mimi, mwalimu mwenzangu wa baiolojia, mdogo wangu ambaye ni muuguzi, na binamu yetu anayeishi Jinja, Uganda, ambaye amepiga kafi kwenye Mto Nile kwa miaka kadhaa na ndiye aliyetutia wazimu huu. Anazo kayaki mbili za watu wawiliwawili, za kujaza upepo, ambazo hukunjwa zikaingia kwenye mkoba, kwa hiyo kuzipandisha treni kutoka hapa hadi Kigoma hakutatusumbua.

Mpango wetu ni kuanzia ufuko wa Katonga, tufuate ukingo wa mashariki kuelekea kusini, kila jioni tuvute kayaki mchangani na kupiga hema, mpaka tufike Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Huko tungependa kutembea msituni na kuwaona sokwe, kisha turudi mjini kwa boti. Kwenye ramani nimepima kilometa 120 na ushei. Tukienda kilometa ishirini kwa siku, siku sita zinatosha na ya saba inabaki ya msitu. Tunafikiria likizo ya Juni, kwa sababu hakuna mvua.

Naomba kujua kama hesabu hii inasimama, kama tunaruhusiwa kulala popote ufukweni, na tubebe chakula gani kisichoharibika. Pia ningependa mtu anieleze kwa uaminifu kama kule ni msitu wa mvua kweli, kama matangazo ya watalii yanavyosema, maana wenzangu wanautamani msitu wa mvua tangu walipoona picha za Congo na Amazon, nami nisingependa kuwasafirisha zaidi ya kilometa 400 kwa treni ili nikawaonyeshe miombo ambayo wanaiona Tabora kila siku.

Mke wangu aliniagiza niulize habari za mamba kabla ya mengine yote. Nimeziweka mwisho kwa makusudi.

Mtoto wa Mwalo (Ujiji)

Karibu Kigoma, mwalimu, na hongera kwa kuuliza mapema, kwa kuwa wengi huja kuuliza wakiwa wamekwisha kulowa.

Baba yangu alivua dagaa na migebuka kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nilishika kasia kabla sijashika kalamu. Siku hizi natengeneza injini za boti, lakini haipiti wiki sijaingia ziwani. Nitaanza na upepo, kwa sababu hesabu yako ya kilometa ingepata alama zote darasani, ila huku kwetu anayepanga siku ni upepo.

Kuanzia Mei hadi Agosti hivi, kusi huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki na kulifuata ziwa kwa urefu wake kuelekea kaskazini, kwa kuwa milima ya pande zote mbili inaubana kama kuta za ushoroba. Upepo uliosafiri juu ya maji matupu kwa mamia ya kilometa hufika kwetu na mawimbi yaliyokwisha kukomaa. Ninyi mnataka kuondoka Kigoma mwezi Juni kuelekea kusini, maana yake mtaukabili usoni siku zote sita. Kayaki yenye watu wawili na mizigo huenda kilometa nne au tano kwa saa kwenye maji tulivu, lakini mbele ya kusi unaweza kupiga kafi saa nzima, ukitazama ufukweni mwembe ni uleule. Kayaki ya kujaza upepo ina kasoro ya ziada, kwani hukaa juu ya maji kama buyu tupu na hivyo hupelekwa na upepo kuliko mtumbwi wa mbao uliozama kidogo.

Ushauri wangu ni kuigeuza safari. Pakieni kayaki zikiwa zimekunjwa kwenye boti ya injini, mshukie kusini kabisa, muanze na msitu wa Mahale mkiwa bado na nguvu, halafu mrudi kaskazini kwa kafi huku upepo ukiwa mgongoni. Na msije Juni. Kusi hulegea kadiri Septemba inavyosogea, na mvua za kweli bado hazijaanza. Mkichelewa mpaka Novemba mtakutana na dhoruba za radi ambazo huchomoza nyuma ya milima na kukufikia kabla hujamaliza kukunja turubai. Ninyi walimu mna ile likizo fupi ya Septemba, na kwa safari hii naona ndiyo bora kuliko ile ndefu.

Kuna pia saa za kila siku, ambazo hazihusiani na mwezi. Usiku na alfajiri upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Baada ya jua kupanda hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Sisi tulifundishwa kutazama moshi wa majiko ya kijijini. Alfajiri utauona umelala kuelekea majini. Kati ya saa tatu na saa nne hivi husimama wima, kama kwamba umesahau njia, na hapo ziwa linakuwa kioo kiasi kwamba mgeni hudhani ndio wakati mzuri wa kuondoka. Sivyo. Moshi uliosimama unakwambia upepo uko njiani kugeuka, nao ukianza kuinamia milimani, nawe uwe umekwisha kuivuta kayaki yako mchangani. Kwa hiyo ingieni majini mara kunapopambazuka, mwende kwa muda wa saa nne au tano, basi. Mchana ni wa kupika, kulala na kuzungumza na watu.

Huo upepo wa alfajiri ni mpole, lakini ndio unaonitia hofu zaidi kwa watu wa kayaki, kwa sababu unakusukuma kuelekea Congo, ambako ng'ambo ni mwendo wa kilometa hamsini hivi. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilitoka na mwenzangu kujaribu injini tuliyokuwa tumeifungua kichwa, tukakuta vijana wawili kwenye kayaki waliyoazimwa bila jaketi okozi, mbali kiasi kwamba miti ya ufukweni ilikuwa imekwisha kuwa ukungu. Kafi moja lilikuwa limekatika shingoni, na waliloshika lilikuwa likiwazungusha palepale. Hawakuwa wamepinduka wala kukosea jambo kubwa. Walitoka tu kutazama machweo yakigeuka usiku, wakasinzia kidogo, na mlima ukapumua. Tuliwafunga kamba tukawavuta saa nzima na nusu. Kaeni ndani ya meta mia mbili kutoka ufukweni, na kila kayaki ibebe kafi la akiba.

Mwisho, msiupite mdomo wa Malagarasi kwa kayaki. Mto ule unaingia ziwani kwa mapana, una mafunjo, maji ya tope, viboko na mamba. Malizieni safari Sunuka, upande wa kusini wa mto, kisha mpande gari, mvuke mto pale Ilagala na kurudi mjini. Kutoka mpaka wa kaskazini wa Mahale hadi huko ni kilometa themanini hivi, yaani asubuhi nne au tano za kazi ya wastani.

Abiria wa Daraja la Tatu (Kigoma mjini)

Naheshimu maelezo ya mchangiaji aliyetangulia, lakini kwa maoni yangu boti iliyowafikisha Mahale iwarudishe hukohuko ilikowatoa. Wavuvi wetu wamewahi kuporwa injini na nyavu usiku katikati ya ziwa, na kundi la wageni wanne waliolala peke yao kwenye ghuba isiyo na kijiji ni kishawishi. Kama ni lazima mwende, laleni karibu na vijiji, mjitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na msiwashe tochi ovyo. Kila mmoja awe na kitambulisho chake cha NIDA mkononi, na binamu yenu awe na pasi yake yenye muhuri, kwa sababu huu ni mkoa wa mpakani, na watu wa Uhamiaji hawataridhika na maelezo kwamba mlikuja kutazama sokwe.

Nyayo za Kasoge (Buhingu)

Nimewatembeza wageni Mahale kwa misimu kadhaa, nami naomba nijibu lile swali la msitu, ambalo watu wa matangazo hulikwepa.

Mahale ina kilometa za mraba 1,613, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni miombo, mwalimu, ileile ya kwenu, mininga kwa mitundu. Lakini safu ya milima, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina meta 2,462 juu ya usawa wa bahari, inasimama karibu kabisa na maji. Hewa yenye unyevu wa ziwa ikipanda mteremko ule hupoa na kuangusha mvua, hata eneo la Kasoge, upande wa magharibi, likapata takriban milimita 1,800 kwa mwaka, ilhali mji wa Kigoma hupata kama 1,000. Hapo ndipo msitu mnene ulipo: miti mirefu iliyofungamana, mitambaazi minene kama mkono wa mtu mzima, vijito vyenye maji ya baridi, na giza la kijani saa sita mchana. Mimea na wanyama wengi wa pale ni jamaa wa wale wa Congo, kana kwamba msitu ule mkubwa ulivuka ziwa ukaishiwa pumzi mlimani. Hata hivyo una kiangazi cha miezi kadhaa, jambo ambalo msitu wa Congo penyewe haulijui, na kwa sababu hiyo wataalamu husita kuuita msitu wa mvua kamili. Waambie wenzako watapata siku mbili za msitu wa namna waliyoitamani, na siku zilizobaki ni za ziwa, vijiji, mashamba ya muhogo, michikichi na miombo. Ukiwaambia hivyo mapema hakuna atakayenuna.

Kuhusu kulala popote, jibu ni hapana mara mnapoingia hifadhini. Mpaka wa hifadhi hauishii mchangani. Unaingia ziwani kilometa 1.6, kwa hiyo hata mkiwa majini mmekwisha kuingia nyumbani kwa watu. Ndani yake hakuna uvuvi, hakuna kutia nanga pasipo ruhusa, na hakuna kutembea msituni bila askari au mwongozaji. Utaratibu ni kujiandikisha makao makuu pale Bilenge, kisha mlale Kasiha kwenye mabanda au mahali mtakapoonyeshwa kupiga hema. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, basi ombeni namba ya malipo na mlipe mkiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika. Ninyi mtalipa kwa viwango vya Waafrika Mashariki, ambavyo ni nafuu sana ukilinganisha na vya wageni wa mbali, na hapo pasi ya binamu itakuwa na kazi tena. Mkitaka kuingiza kayaki kwenye maji ya hifadhi, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kusafiri. Msitegemee kuipata kwa kubembeleza getini.

Sokwe wa kundi wanaloonyeshwa wageni wamezoea watu kutokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walioanza hapa mwaka 1965, miaka ishirini kabla eneo halijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mnaruhusiwa kwenda watu sita kwa kundi, saa moja tu, mkiwa umbali wa meta kumi na mmevaa barakoa. Mtoto wa chini ya miaka 12 haruhusiwi, na mwenye mafua hubaki kambini hata kama amelipa. Si ukali wa bure: sokwe huambukizwa maradhi yetu, na kule Gombe mwaka 1966 waliugua polio. Mwezi Septemba mara nyingi hushuka mteremko wa chini karibu na ziwa, kwa hiyo hamtapanda sana. Mkisikia kelele juu ya miti, tazameni chini pia, maana huenda mkaona maganda ya mabungo, yaleyale ambayo pwani hutengenezewa juisi, yametafunwa, yakanyonywa na kutupwa njiani yangali na unyevu wa mate. Ukiyakuta hivyo, wenyewe hawako mbali.

Mwalimu wa Ramani (Tabora)

Nawashukuru sana wote watatu, na naanza kwa kukiri kwamba nimefundisha pepo za nchi kavu na za ziwa kwa miaka kumi na moja, nikachora mishale yake miwili kwa chaki ya rangi, lakini sikuwahi kufikiria kwamba mmoja wa mishale ile unaweza kunipeleka Congo nikiwa nimesinzia.

Tumekaa jana jioni tukaigeuza safari kama mlivyoshauri. Sasa ni Septemba: siku ya kwanza boti kutoka Kigoma hadi Mahale, siku mbili za msitu, kisha asubuhi nne za kafi kuelekea kaskazini, tukilala karibu na vijiji, na tukiishia Sunuka au popote tutakapokuwa tumefika, maana barabara ipo na hakuna atakayetudai kilometa. Ndugu yangu wa daraja la tatu, tahadhari yako tumeichukua, nasi tutajitambulisha kila mwalo. Bado sijapata jibu la chakula, wala la mahali pa kupiga hema, wala la mamba.

Mama Sufuria (Kigoma, Mwanga)

Mwalimu, umenichekesha. Unatoka Tabora halafu unauliza chakula cha safari kisichoharibika? Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vililiwa na wapagazi waliokuwa wakitembea kutoka kwenu hadi pwani, na mpaka leo sijaona kitu chepesi zaidi mkobani chenye kushibisha zaidi tumboni. Bebeni hivyo, karanga za kukaanga, na asali yenu kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Unga wa muhogo, mawese na dagaa mtavipata huku, wala msihangaike kununua samaki wa kukaanga mjini, kwa kuwa kila mwalo mtakaposhuka mtakuta dagaa wameanikwa. Dagaa mkavu mzuri anang'aa kama sindano na hukatika kwa mlio. Akipinda bila kukatika, hajakauka, na siku ya tatu mkoba mzima utanuka. Chemsheni maji ya kunywa hata pale yanapoonekana safi mpaka chini. Msikate kuni. Jiko dogo la gesi linawatosha watu wanne kwa wiki moja mkipika mara mbili kwa siku.

Mahali pa hema pana hadithi yake. Miaka ya 2020 hadi 2024 ziwa lilipanda sana, likameza fuko ambazo tulizoea kuzichezea mpira, kwa hiyo usiamini picha ya zamani inayoonyesha mchanga mpana. Tafuteni mahali palipoinuka. Mimi na dada zangu tulilala mwezi wa Novemba kwenye mchanga mzuri kabisa, laini, mweupe, uliokuwa kando ya kijito kilichokauka. Mvua haikunyesha pale tulipokuwa hata tone moja. Ilinyesha mlimani, na saa nane za usiku tukaamshwa na sufuria zikigongana. Kijito kilikuwa kimerudi kuchukua kitanda chake, nasi ndio tuliokuwa tumekilalia. Tuliokoa hema na viatu vitatu. Tangu hapo naangalia mchanga kwanza: ukiwa umepangika mistari na una vijiti vilivyolala upande mmoja, hapo ni njia ya maji, hata kama pamekauka kama kigae.

Angalieni pia kama kuna njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda majanini, yenye samadi iliyotawanywa vichakani. Hiyo ni njia ya kiboko kwenda malishoni usiku, naye haiachi njia yake kwa sababu ya hema. Nyani watawaibia mkiacha chakula nje hata kwa dakika tano. Mbung'o wapo kwenye miombo, nao hupenda rangi ya buluu na nyeusi, kwa hiyo vaeni kaki au kijivu, mikono mirefu. Mdogo wako muuguzi atakuwa na dawa za malaria na vipimo vyake. Mkumbushe kichocho pia. Msioge penye majani ya majini au kwenye maji yaliyotuama karibu na vijiji, na mkirudi Tabora mkapime, kwani prazikwanteli ni dawa ya kawaida hospitalini. Mkiona nyoka mrefu akiogelea kati ya mawe, mwacheni apite. Fira wa majini wa ziwa letu ana sumu kali lakini anatafuta samaki, hana shughuli na mtu.

Mtoto wa Mwalo (Ujiji)

Nimerudi kwa ajili ya mamba, kabla shemeji hajatununia.

Mamba wapo katika ziwa lote, lakini hawakutawanyika sawasawa. Hupenda midomo ya mito, mafunjo na maji ya tope, na ndiyo sababu niliwaambia muuache mdomo wa Malagarasi. Penye mawe na maji maangavu ni nadra, ingawa nadra si kamwe. Kila mnapofika mahali papya, waulizeni wanawake wanaofua au watoto wanaochota maji ni wapi wanapoingilia, kisha ingilieni hapohapo. Msikae na miguu majini baada ya jua kuzama, msioshe samaki mlipovuta kayaki, na msilale hatua mbili kutoka ukingoni.

Linalonisumbua zaidi kuliko mamba ni kama ninyi wanne mnajua kupanda tena kayaki ikishapinduka. Binamu yenu anajua, lakini Jinja ni mto, na mtoni mtu akianguka hupelekwa mpaka kwenye ukingo. Hapa hakuna ukingo utakaokufuata. Kabla ya kupanda boti, tengeni alasiri nzima pale Katonga, kwenye maji ya kifuani, mvae jaketi okozi mkizifunga mikanda yote, mpindue kayaki kwa makusudi na kuipanda tena, kila mmoja mara tano. Mwenye kuanguka ashike kayaki na kafi lake, asiiachie kuufuata mkoba unaoelea. Kayaki ya pili isogee na kuibana iliyopinduka ubavu kwa ubavu, aliye juu aishike kwa mikono miwili, na aliye majini apige miguu nyuma mpaka mwili ulale sawa na uso wa maji, kisha ajivute kwa tumbo, kama mtu anayepanda kitanda kirefu. Mwenye kutaka kupanda huku amesimama wima majini ataivuta tu imfunike. Mazoezi haya yanachosha na yanachekesha watu wa ufukweni, nasi tutakuja kucheka kidogo, halafu tutawapa mkono.

Mizigo yote ifungwe kwa kamba ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na simu iwe kwenye mfuko wake shingoni, si chini ya mizigo. Mtandao hupatikana karibu na vijiji vikubwa na kupotea nyuma ya rasi. Kwa hiyo kila jioni mpigieni mtu mmoja wa Kigoma mumwambie mmelala wapi na kesho mnatarajia kufika wapi, naye asipowasikia jioni inayofuata awe na namba ya mwenye boti. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa maziwa makuu. Usikilizeni, kisha mtazame moshi.

Abiria wa Daraja la Tatu (Kigoma mjini)

Naongeza jambo moja dogo. Mkiwa na bahati safari yenu iangukie giza la mwezi, mtawaona wavuvi wa dagaa wakitoka jioni na taa zao, na ifikapo saa tatu usiku ziwa lote litakuwa limewaka kama mji ambao haupo kwenye ramani yoyote, mwalimu. Tazameni mkiwa nchi kavu. Chini ya zile taa kuna nyavu na kamba, na mwenye boti ya injini hataiona kayaki yenu gizani.

Mwalimu wa Ramani (Tabora)

Tumenunua michembe debe moja, na binamu amekubali kuja siku tatu mapema kwa ajili ya mazoezi ya Katonga. Kalenda tumeitazama: mwezi utakuwa mwembamba.

Mke wangu amesoma majibu yote, mpaka la fira. Anasema habari za mamba zimemridhisha, ila sasa anataka kujua tufanye nini tukikutana na kiboko tukiwa majini, si hemani.

Mtoto wa Mwalo (Ujiji)

Mwambie shemeji kwamba kiboko ukimwona mapema ni rahisi kuliko mamba, kwa sababu hupumua kwa sauti na masikio yake hujitokeza. Mkimwona, acheni kupiga kafi kwa sekunde chache mjue anatazama wapi, kisha zungukeni kwa mbali, mkiwa upande wa maji mafupi, ninyi mkiwa karibu na ufukwe na yeye akiwa upande wa kina. Msipite kamwe kati yake na kina cha maji, maana akishtuka hukimbilia huko, na kilichopo njiani hukipanda. Akizama msimwone, pigeni ubavu wa kayaki kwa kafi mara kwa mara huku mkiondoka, ili ajue mlipo na asiibukie chini yenu.

Mkifika Kigoma shukeni treni na kuuliza gereji ya injini za boti, mwalo wa Ujiji. Chai ipo.